Geji ya joto isiyosema kweli: vifaa vinne vya dukani, na kipi kinunuliwe kwanza

Mshale wa joto wa Land Rover ya zamani ukilala kwenye baridi kutwa, au ukapanda kwenye nyekundu gari haijatoka hata uani, ushauri wa kwanza utakaopewa gereji, Unguja au Pemba, ni "badilisha sensa". Sensa inanunuliwa, inafungwa, mshale unabaki palepale. Hapo inanunuliwa geji. Geji nayo ikigoma, mwenye gari huamua kuishi nayo hivyo hivyo na kuendesha kwa kunusa, mpaka siku gasketi ya silinda hedi inapoungua.

Tathmini hii ni ya vitu vinne vinavyouzwa kama dawa ya ugonjwa huo: kipimajoto cha bunduki, stabilaiza ya elektroniki ya volti 10, sensa ya badala isiyo na jina la kiwanda, na geji ya mrija isiyotumia umeme. Kisichopatikana kwenye maduka ya spea ya Mjini huagizwa Dar es Salaam kikaja na boti. Kama pesa inatosha kitu kimoja tu, nunua kipimajoto. Ikitosha viwili, ongeza stabilaiza. Sensa usiiguse mpaka umalize kusoma.

Gari tunayoifanya kigezo ni Land Rover Series III, iliyotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, ya injini ya petroli ya lita 2.25. Mpangilio wake wa geji ni uleule wa gari nyingi za Kiingereza za wakati huo, kwa hiyo mwenye Mini au MG naye atajikuta humu. Wenye Toyota wana neno lao huko chini.

Anayedanganya ni nani

Geji ya Smiths, kiwanda cha Kiingereza kilichotengeneza geji za aina hii, haipimi joto, inapima umeme. Ndani yake mna ukanda wa metali mbili zilizoshikanishwa, umezungushiwa waya mwembamba. Umeme ukipita, waya unapata moto, ukanda unajikunja, mshale unasogea. Kiasi cha umeme kinaamuliwa na sensa iliyo mbele ya injini, karibu na themostati, yaani kilango kinachoruhusu maji kwenda kwenye rejeta injini ikipata joto. Ikiwa baridi, ukinzani wake ni mamia ya omu. Ikipata joto, unashuka hadi makumi ya omu na mshale unapanda. Kabla ya geji, nyuma ya dashibodi, kuna kikopo kidogo cha bati kinachopunguza umeme wa betri uwe wastani wa volti 10, ili mshale usicheze kila alternata inapobadili mwendo. Hicho ndicho stabilaiza, na kinalisha geji ya joto na geji ya mafuta kwa pamoja.

Kule kulisha geji mbili kwa pamoja ndiko kunakokuokolea pesa. Washa swichi, tazama geji zote mbili. Zikikosea zote kwa upande mmoja, yaani tangi la nusu linaonesha limejaa na injini ya vuguvugu inaonesha inachemka, mkosaji ni stabilaiza au ethi yake, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia bodi. Stabilaiza ya asili hufungua na kufunga kontakti kwa joto la koili ndogo iliyomo ndani, na koili hiyo hupata ethi kupitia skrubu iliyoishika kwenye bati. Skrubu ikila kutu, koili haipati moto, kontakti haifunguki, na volti 13 au 14 zinapita moja kwa moja. Ni ugonjwa wa kawaida mno kwa gari inayolala karibu na pwani, na dawa yake ni kipande cha msasa: kwangua bati mpaka ling'are, kwangua mguu wa stabilaiza, badilisha skrubu, paka grisi juu yake baada ya kukaza, si kabla.

Zikifa zote mbili, anza na fyuzi, kisha waya unaoingia kwenye stabilaiza, kisha kontakti iliyoungua ndani. Lakini kama geji ya mafuta inasema kweli na ya joto peke yake ndiyo inayokosea, stabilaiza haina hatia. Nenda kwenye waya, sensa, au geji yenyewe.

Chomoa waya wa sensa, swichi ikiwa imewashwa. Mshale unatakiwa uanguke kwenye baridi. Usipoanguka, waya umechubuka mahali na unagusa bodi, na mahali penyewe mara nyingi ni pale unapopita kwenye tundu la ukuta wa injini ambalo mpira wake umekatika. Ukianguka, chukua rezista ya omu 68, ya wati 1, uunganishe ncha ya waya na bodi kupitia rezista hiyo. Kisha subiri. Mshale wa aina hii hauruki, unatambaa. Upe nusu dakika hadi dakika nzima. Ukitua karibu na katikati, geji na waya ni wazima na lawama inabaki kwa sensa au ethi ya sensa. Mafundi wengi huigusisha ncha ya waya kwenye chuma bila ya rezista. Kipimo kinapatikana, lakini geji inalishwa zaidi ya inavyostahili, na ikiachwa hivyo wakati fundi anajibu simu, waya mwembamba wa ndani unaweza kuungua. Ukilazimika, iwe sekunde chache, na uondoe mara tu mshale unapoanza kupanda.

Multimita ya kidijitali itakuchanganya hapa. Stabilaiza ya asili haitoi volti 10 zilizotulia, inatoa umeme wa kukatika na kurudi ambao wastani wake ni 10, kwa hiyo tarakimu zinarukaruka kati ya sifuri na 12 na mtu anahukumu kwamba kitu kimekufa. Kuruka huko ndiko uzima wake. Taa ndogo ya kupimia, ikiwaka na kuzimika polepole, inatoa jibu lililo wazi zaidi. Ikiwaka moja kwa moja bila kuzimika, kontakti zimegandana au ethi haipo.

Kipimajoto cha bunduki

Ni kile cha umbo la bastola chenye kitone chekundu cha leza. Kinastahili kuwa cha kwanza kwenye orodha kwa sababu hicho pekee kitakujibu swali ambalo watu hulisahau: je, geji ina kosa kweli, au injini ndiyo yenye moto na geji inasema haki? Geji nyingi zimesingiziwa na huku rejeta imeziba.

Leza haipimi kitu, inaonesha tu unakolenga. Kinachopimwa ni duara, na duara hilo hupanuka kwa umbali. Kilichoandikwa 12:1 ubavuni kinasoma duara la sentimita 1 ukiwa sentimita 12 kutoka unapopima. Ukisimama sentimita 60, duara ni la sentimita 5, na humo mtaingia hozi, boliti na upepo wa feni. Sogea karibu, lakini mikono ya shati au ya kanzu iwe mbali na feni.

Kasoro yake kubwa ni chuma kinachong'aa. Vingi vya bei nafuu vimewekwa thamani moja isiyobadilika ya utoaji wa mionzi ya joto, 0.95, inayofaa rangi, mpira na kutu. Alumini iliyosuguliwa haitoi mionzi kiasi hicho. Nyumba ya themostati iliyo safi inaweza kuwa na nyuzi 90 na kifaa kikaonesha 40 na kitu, ukashangilia bure. Bandika kipande cha tepu nyeusi ya umeme pale unapotaka kupima, kikandamize kishike vizuri, ulenge hapo. Silinda hedi ya chuma iliyopakwa rangi haihitaji tepu. Hozi ya juu ya rejeta ni nyeusi na inasomeka vizuri, ila mpira unazuia joto, kwa hiyo maji yaliyomo ndani yana moto zaidi ya unachokiona.

Kabla hujalipa, kipime palepale dukani. Omba gilasi ya barafu iliyopondwa na maji kidogo kwa muuza juisi wa jirani, koroga, lenga kutoka sentimita 5. Kinatakiwa kisome sifuri, au kipotee nyuzi 2 hivi juu au chini. Kikisoma 5 au 6, mrudishie mwenyewe. Usikipime kwa maji yanayochemka, maana mvuke unaingia kati ya kioo na maji.

Matumizi yenyewe ni haya. Gari ikiwa baridi, washa injini, soma kwenye hedi karibu na sensa kila baada ya dakika mbili tatu, na pembeni soma hozi ya juu. Themostati ya nyuzi 82 ikifunguka, hozi ya juu inapata joto ghafla. Isipopata joto na hedi inaendelea kupanda kupita 95, zima: tatizo si geji. Kama mambo yanakwenda sawa, bandika utepe wa karatasi kwenye kioo cha geji na uweke alama ya kalamu mshale ulipo wakati hedi inasoma 80, 90 na 100. Kwa kazi hiyo tu geji ya zamani isiyo sahihi inageuka kuwa geji yenye namba, na hujanunua sensa wala geji. Kwa walio wengi safari inaweza kuishia hapa.

Namba zenyewe zisomwe kwa akili. Mwezi wa Januari, kaskazi ikipuliza na gari imesimama kwenye foleni ya Darajani, injini hii ikifika 95 hadi 100 si ajabu. Kifuniko cha rejeta cha paundi 9 kikiwa kizima, maji hayachemki mpaka karibu nyuzi 113. Kifuniko kikiwa kimechoka, kwa hapa petu ufukweni yatachemka 100 kamili. Kwa hiyo kabla ya kulaumu geji, tazama mpira wa kifuniko. Ukiwa mgumu na umepasuka, badilisha. Hakuna spea ya bei ndogo kuliko hiyo yenye faida kubwa hivyo.

Stabilaiza ya elektroniki ya volti 10

Hii ndiyo bidhaa tuliyoipenda zaidi kati ya zinazofungwa kwenye gari. Inakuja kwenye kikopo kilekile cha bati, na vituo vilevile: B ya umeme unaoingia, I ya kwenda kwenye geji. Ndani hamna kontakti za kuungua wala koili. Multimita ikisoma hapo inatulia kwenye 10. Ile ya asili inatakiwa isimame upande wake uliokusudiwa ili ukanda wake ufanye kazi sawasawa. Hii ifunge unavyotaka, hata kichwa chini.

Ukiikosa, itengeneze. Moyo wake ni kipande cha elektroniki kiitwacho 7810, kinachouzwa na mafundi redio kwa bei isiyotisha mtu. Kina miguu mitatu. Maandishi yakikutazama na miguu ikiwa chini, wa kushoto ni wa umeme kuingia, wa kati ni ethi, wa kulia ndio unaotoa volti 10. Lehemu kapasita ya maikrofaradi 0.33 kati ya mguu wa kuingia na wa ethi, na nyingine ya 0.1 kati ya wa kutoa na wa ethi. Bila ya hizo kinaweza kutetemeka na geji zikasoma ovyo. Bati la mgongoni limeunganishwa na mguu wa kati, kwa hiyo kwenye gari yenye ethi hasi, yaani ncha hasi ya betri ndiyo iliyofungwa kwenye bodi, unalifunga kwa boliti moja kwa moja kwenye chuma cha dashibodi, na boliti hiyohiyo inakuwa ethi na kipooza joto. Geji mbili zikiwa zinakula umeme, joto linalotupwa hapo halifiki wati 1, lakini usikiache kikining'inia hewani kwenye waya.

Ukitaka pasionekane kitu kigeni, fungua kikopo cha zamani kwa kuinua kingo zake, toa matumbo, weka 7810 ndani, funga tena.

Ina sharti moja. 7810 inahitaji kama volti 2 zaidi ya inachotoa. Injini ikiwa imezimwa na betri imechoka, volti 11 na nusu kwa mfano, haitafikisha 10, na geji zote zitasoma chini kidogo. Hukumu geji injini ikiwa inazunguka.

Jambo jingine huwashtua watu. Baada ya kuifunga, geji ya mafuta iliyozoeleka inaanza kusema maneno mapya. Hiyo si kasoro ya stabilaiza mpya, ni ukweli uliokuwa umefichwa na ya zamani. Nyuma ya geji nyingi za aina hii pana vitundu viwili vilivyozibwa, ndani mna meno ya kurekebishia mshale. Kuna mafundi wanaokimbilia hapo kwanza. Kurekebisha geji wakati stabilaiza inatoa volti 13 ni kuipinda geji ilingane na ugonjwa, na siku ugonjwa ukitibiwa geji ndiyo itakayokuwa mbovu. Viache mpaka kila kitu kingine kiwe kimethibitika.

Sensa isiyo na jina

Hapa ndipo pesa nyingi zinapopotea. Si kwamba kila sensa ya bei nafuu ni mbovu; tatizo ni kwamba hesi ni moja na tabia ni nyingi. Sensa za geji hizi za Kiingereza zina hesi ya inchi 5/8, yaani mizunguko 18 ya hesi kwa kila inchi, na sensa ya gari nyingine kabisa inaweza kuingia tunduni kwa ulaini na kukaa kama ilizaliwa hapo, ila ukinzani wake kwa nyuzi 90 si ule unaotarajiwa na geji. Matokeo yake mshale unakaa robo tatu injini ikiwa nzima, au haupandi kupita robo injini ikiwa taabani. Hilo la pili ndilo linalochoma gasketi.

Kuna na balaa la swichi kuuzwa kama sensa. Swichi ya taa ya onyo inafanana na sensa kwa umbo, na nyingine hata kwa kichwa, lakini kazi yake ni kufunga umeme joto likifika kikomo basi. Ukiifunga, mshale utalala siku zote, kisha siku moja utaruka mwisho. Utambuzi wake ni wa dakika moja: weka multimita kwenye omu 2000, ncha moja kwenye kituo cha juu, nyingine kwenye bodi ya sensa. Sensa itaonesha namba, na ukiibana kwenye kiganja namba itashuka polepole. Swichi haitaonesha kitu.

Kisha ipikwe. Sufuria ya maji, jiko la gesi, kipimajoto cha kuzamisha. Kile cha jikoni kinatosha. Ining'inize sensa kwa waya, ncha ya shaba izame, kituo cha juu kibaki kikavu, wala isiguse chini ya sufuria, kwani chini pana moto kuliko maji. Koroga. Andika omu kwa nyuzi 40, 60, 80, na maji yanapochemka. Visiwani tuna bahati ya kuwa usawa wa bahari, maji yanayochemka ni nyuzi 100 bila ya hesabu ya mwinuko. Wenzetu wa Arusha inabidi wapunguze nyuzi 5 hivi. Rudia safari ya kushuka, moto umezimwa. Namba za kupanda na za kushuka zikaribiane. Sensa inayorukaruka, inayokwama mahali, au inayosoma kitu kimoja kupanda na kingine kabisa kushuka, haifai hata kwa bure.

Unapima kulinganisha na nini? Na ile ya zamani. Ipike pamoja nayo, sufuria moja. Ajabu ni kwamba mara nyingi ya zamani hutoka ikiwa nzima, imevaa koti la chokaa tu. Maji ya visima vyetu vya jiwe la matumbawe ni magumu, na rejeta ikijazwa hayo mwaka baada ya mwaka, ncha ya sensa inafunikwa gamba jeupe linaloifanya ichelewe na kusoma chini. Iloweke kwenye siki, isugue kwa brashi laini, ipike tena. Na rejeta iwekewe maji ya mvua au maji yaliyotonwa na kiyoyozi, pamoja na dawa ya rejeta ya kuzuia kutu, nusu kwa nusu au kama chupa inavyoelekeza.

Kufunga: sensa hii inapata ethi kupitia hesi zake. Fundi anayeizungushia tredi tepu mizunguko minane, kama bomba la choo, anaikatia ethi, kisha anashangaa mshale unasoma baridi. Mzunguko mmoja na nusu unatosha, hesi za mwanzo ziachwe wazi. Baada ya kukaza, pima kutoka kwenye bodi ya sensa hadi kwenye ncha hasi ya betri: isizidi omu 1. Ikizidi, kagua pia mkanda wa ethi kati ya injini na chasisi. Nyumba ya alumini haitaki nguvu, kaza mpaka ishike, basi. Kiunganishi cha waya kisukumwe na kutolewa mara kadhaa kukwangua kutu ya kijani, au kikatwe na kuwekwa kipya.

Na kama mshale unapanda na kushuka ovyo baada ya kubadilisha, maji yamepungua au hewa imenasa pale sensa ilipo. Hewa haipeleki joto kama maji. Paki gari mlimani pua ikitazama juu, fungua kifuniko injini ikiwa baridi, washa, acha hita wazi kama ipo, jaza mpaka mapovu yaishe.

Geji ya mrija

Hii haihitaji stabilaiza, sensa wala waya, isipokuwa wa kitaa chake. Kopo la shaba linakaa injinini, ndani yake mna kimiminika. Joto likipanda shinikizo linapita kwenye mrija mwembamba, takriban mita 1.8, mpaka nyuma ya geji na kusukuma mshale. Ina namba halisi, mara nyingi 40 hadi 120, badala ya herufi za baridi na moto. Nyingi za aina hii zina nafasi finyu chini na pana juu, na hiyo ni faida, kwani kati ya 80 na 110 ndiko unakotaka kuona vizuri.

Kwa anayebeba karafuu Pemba, akipanda vilima kwa gia ya pili na upepo unamtoka mgongoni, hii ndiyo tunayompendekeza. Mwendo ni mdogo, feni haisaidiwi na upepo wa mbele, na tofauti ya nyuzi 98 na 108 ni tofauti ya kuendelea na kusimama. Geji ya asili haikuambii tofauti hiyo.

Ila kuifunga ni kazi, na karatasi ya maelekezo iliyomo kwenye boksi haisaidii. Mrija haukatwi. Ukikatwa, ukipasuka au ukikunjwa kwa kona kali, geji imekufa na hakuna fundi wa kuitengeneza hapa. Kopo halitoki kwenye mrija, kwa hiyo tundu la ukuta wa injini lazima litoshe kopo zima kupita, kisha livikwe mpira ili bati lisiukate mrija. Mrija unaobaki uuzungushe duara mbili tatu, kipenyo cha kikombe cha chai, karibu na injini, zimeze mtikisiko kati ya injini inayotetemeka na bodi iliyotulia. Bila ya duara hizo mrija unachoka na kukatika pale unapoingia kwenye kopo. Usiupitishe karibu na eksozi. Na kabla ya kutoboa lolote, itumbukize sufuriani. Isipoonesha 100, au karibu sana, irudishe na stakabadhi yake.

Adapta ndiyo sehemu inayotuudhi. Boksi linakuja na adapta mbili tatu zenye hesi za mabomba za Kimarekani. Land Rover ina 5/8, Toyota ina 1/8 ya Kiingereza ya kubana. Hii ya Toyota ina mizunguko 28 ya hesi kwa inchi, ile ya Kimarekani ya 1/8 ina 27. Inaingia mizunguko miwili mitatu, inakaza, mtu anadhani imekaa. Akiongeza nguvu ameharibu hesi za hedi. Mchongaji mwenye lathe atakuchongea adapta ya shaba. Mpelekee sensa ya zamani kama sampuli, usimpelekee namba ya kukumbuka.

Wapo wanaokwepa hayo kwa kukata hozi ya juu na kuweka kiungo cha alumini chenye tundu. Kinafaa, lakini jua kinapima wapi. Hozi ya juu iko baada ya themostati. Themostati ikikwama imefungwa, injini inaungua na geji inaonesha hali ya hewa. Kama hedi ina tundu jingine lililozibwa kwa plagi, tumia hilo, uache na sensa ya asili mahali pake. Geji mbili kwenye dashibodi si dhambi.

Wenye Toyota, na wenye ethi chanya

Kwenye Land Cruiser FJ40 usitafute kikopo cha bati. Kidhibiti kimo ndani ya geji ya mafuta, kinatoa wastani wa volti 7, na geji ya joto inalishwa kupitia hapo. Geji ya mafuta ikiungua, ya joto nayo inapotea, na fundi asiyejua atabadilisha sensa mpaka dukani ziishe. 7810 hapo haifai. Volti 10 ni nyingi mno. Sensa zake huwa karibu omu 200 kwa nyuzi 50 na kati ya 20 na 30 kwa nyuzi 115, kwa hiyo sufuria inakupa jibu bila ya kuwa na ya kulinganishia, ingawa maji hayatafika 115.

Mwenye Land Rover ya miaka ya 1960 iliyobaki na ethi chanya asifunge 7810 kabisa. Anachohitaji ni 7910, na mpangilio wa miguu yake ni tofauti: wa kushoto ni ethi, wa kati ni wa kuingia, wa kulia ni wa kutoa. Bati lake la mgongoni limeungana na mguu wa kuingia, kwa hiyo likiguswa na bodi ni shoti. Liwekewe karatasi ya maika na boliti ivishwe bushi ya plastiki. Kikopo cha elektroniki cha dukani nacho kiulizwe kabla ya kulipiwa, maana vinavyoletwa kwa wingi ni vya ethi hasi.